Seva ya akiba ilipojaa: kwa nini nakala hupotea kabla hatujazihitaji

Mwezi uliopita mama mmoja alifika kituoni kwetu hapa Tabora akiwa na mjukuu wake wa kiume. Mume wake alikuwa amefariki wiki nne kabla. Karibu mwezi mmoja kabla ya kifo chake tulikuwa tumemhoji mzee huyo, kwa dakika kama 50, kuhusu njia ya zamani ya misafara na mambo aliyosimuliwa na babu yake aliyekuwa mpagazi. Familia ilitaka kuyasikiliza mahojiano hayo siku ya arobaini.

Tulimwambia, "Mama, keti kidogo, tunakutafutia." Alikaa mapokezi saa mbili nzima. Kesho yake alirudi, tukamwomba siku moja zaidi. Siku ya tatu ilibidi tumwambie ukweli: mahojiano ya marehemu hatuna.

Kompyuta ya studio iliyokuwa na faili lile ilikufa diski wiki mbili kabla hajaja. Wakati ule hatukushtuka. Tulisema, "Si tuna seva ya akiba?" Kazi ya seva hiyo ni moja tu: kila usiku saa nane inachukua nakala ya kila kitu kilichorekodiwa mchana. Tulipoifungua tukakuta haijapokea nakala hata moja kwa wiki tisa.

Tunaandika kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, wasikilizaji wetu wana haki ya kujua kilichotokea kwa sauti walizotukabidhi. Pili, tulipowauliza mafundi na maofisa TEHAMA wa taasisi nyingine mjini, hakuna aliyeshangaa. Wote walikuwa na kisa kinachofanana na chetu. Taasisi zetu zinahama kutoka kwenye majalada kwenda kwenye kompyuta kwa kasi, lakini swali la nakala ziko wapi na nani anazikagua bado halijapata mwenyewe.

Kilichotokea

Seva yetu ya akiba ina diski mbili. Moja ni ndogo, ya ndani, ambayo imebeba mfumo wenyewe wa kompyuta. Nyingine ni diski ya nje ya terabaiti 4, na huko ndiko nakala zinakotakiwa kwenda. Kwenye Linux, diski ya nje haionekani kama kitu kinachojitegemea. Inaunganishwa na folda fulani, kazi ambayo hapa tutaiita kupachika diski. Diski ikishapachikwa, chochote unachoandika kwenye folda hiyo kinaingia kwenye diski kubwa. Isipopachikwa, folda bado ipo na bado inapokea faili, ila zinaingia kwenye diski ndogo ya mfumo.

Wiki kumi hivi kabla ya mama yule kuja, umeme ulikatika usiku na kurudi alfajiri. Seva iliwaka yenyewe. Diski ya nje ilichelewa kuamka, mfumo haukuisubiri, na haikupachikwa. Usiku uliofuata programu ya nakala ilifanya kazi yake kama kawaida: ikakuta folda ipo, ikaandika. Diski ndogo ilikuwa na nafasi ya gigabaiti 90 hivi. Ilijaa baada ya siku sita. Kuanzia hapo kila usiku programu ilijaribu, ikashindwa, ikaandika ujumbe kwamba hakuna nafasi, ikautuma kwa barua pepe. Anwani iliyowekwa ilikuwa ya mwenzetu aliyeacha kazi mwaka jana.

Fundi alipofika aliona jambo lililotuchanganya sote. Seva inasema diski imejaa. Diski kubwa iko pale mezani, taa yake inawaka, na tunajua haijafika hata nusu. Kijana mmoja alitaka kuanza kufuta nakala za zamani ili kupata nafasi. Fundi akamzuia: "Dogo, usifute kitu. Kwanza tujue ni diski ipi iliyojaa." Kwa amri moja fupi, "df -h", ikaonekana kwamba diski ya terabaiti 4 haimo kabisa kwenye orodha.

Aliipachika, tukapiga makofi. Furaha haikudumu, maana diski ndogo iliendelea kuonyesha imejaa, na kila tulipopima folda zake hatukuona kilichoijaza. Zile gigabaiti 90 zilikuwa chini ya folda ileile, zimefunikwa na diski iliyopachikwa juu yake. Ni kama kutandika mkeka juu ya karatasi zilizoachwa sakafuni: karatasi zipo, ila huzioni. Ilibidi kuiondoa diski kubwa tena, kuzihamisha faili zile, ndipo kuirudisha.

Siku sita za mwanzo tulizipata. Mahojiano ya mzee yalirekodiwa baada ya hapo.

Hesabu ya sauti

Wengi hudhani diski hujaa kwa bahati mbaya. Ukweli ni kwamba siku ya kujaa inaweza kujulikana mapema kwa hesabu ya darasa la saba.

Sauti isiyobanwa, kwa ubora uleule wa CD, inachukua karibu megabaiti 635 kwa saa. Kituo kinachorekodi matangazo yake saa 24 kinajaza zaidi ya gigabaiti 15 kwa siku. Kwa kasi hiyo diski ya terabaiti 1 inajaa katika siku 65 hivi. Sauti hiyohiyo ikibanwa kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inachukua karibu megabaiti 58 kwa saa, yaani gigabaiti 1.4 kwa siku. Hapo mwaka mzima unaingia kwenye nusu terabaiti.

Kwa hiyo kabla ya kununua diski yapo maswali matatu. Tunaongeza kiasi gani kwa siku? Tunahifadhi kwa muda gani? Nini lazima kibaki kwa ubora kamili, na nini kinaweza kubanwa? Sisi tulikuwa tunahifadhi kila kitu kwa ubora kamili, pamoja na muziki wa usiku na matangazo ya biashara yanayorudiwa mara 20. Mahojiano ya mzee yalipewa uzito sawa na tangazo la duka la viatu.

Kanuni za maudhui ya utangazaji nchini zinamtaka mwenye leseni ahifadhi rekodi za vipindi vyake kwa muda uliowekwa ili zipatikane kukiwa na malalamiko. Sharti hilo linahusu malalamiko. Kumbukumbu ya jamii ni suala jingine, na muda wake hauna mwisho. Mambo hayo mawili yakichanganywa kwenye diski moja, kubwa humeza dogo.

Hata wakubwa huanguka

Mtu anaweza kusema haya ni matatizo ya vituo vidogo vya mikoani. Sivyo.

Agosti 29, 2023, kampuni ya Toyota ilisimamisha viwanda vyake vyote 14 vya kuunganisha magari nchini Japani. Wengi walidhani ni wadukuzi. Baadaye kampuni ilieleza kwamba siku mbili kabla, wakati wa matengenezo ya kawaida ya mfumo wa kuagiza vipuri, data zilikuwa zinafutwa na kupangwa upya, nafasi kwenye diski ikawa haitoshi, na mfumo ukasimama. Ilikuwepo seva ya akiba. Lakini ilikuwa inaendeshwa kwenye mfumo uleule, nayo ikapata tatizo lilelile. Uzalishaji ulirudi baada ya data kuhamishiwa kwenye seva yenye nafasi kubwa zaidi.

Somo la Toyota lina sehemu mbili. Ya kwanza: hata kufuta na kupanga data kunahitaji nafasi, hivyo kusubiri diski ijae ndipo uisafishe ni kuchelewa. Ya pili: akiba inayofanana kwa kila kitu na chombo kikuu huugua ugonjwa wake.

Januari 31, 2017, kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani kote, ilipoteza data baada ya mfanyakazi aliyechoka kufuta folda kwenye seva isiyo yake. Walikuwa na njia tano za kujilinda. Walipozigeukia, wakakuta hakuna iliyokuwa ikifanya kazi kama walivyotegemea. Programu moja ya nakala ilikuwa inashindwa kila siku, na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zinakataliwa njiani bila mtu kujua. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa sita kabla, karibu kwa bahati. Tuliposoma taarifa yao tuliiona barua pepe yetu wenyewe.

Na Septemba 26, 2025, moto uliwaka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini. Mifumo 709 ilisimama. Mingi ilirudi hatua kwa hatua, lakini hifadhi moja iliyotumiwa na watumishi wa umma kuweka nyaraka zao za kazi, yenye terabaiti 858, iliteketea bila nakala nje ya jengo. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Tafakari hilo: nchi inayouzia dunia vifaa vya kuhifadhi data iliacha hifadhi yake iwe kubwa kuliko uwezo wa kuilinda.

Kwihara, 1872

Hapa kwetu somo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Yeyote aliyefika Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, ameiona nyumba ya tembe ambako David Livingstone alikaa mwaka 1872. Historia ya nyumba ile husimuliwa zaidi kwa kukutana kwake na Henry Stanley. Mara chache husimuliwa kama historia ya akiba.

Njia ya msafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, ndipo ikaendelea Ujiji. Mpagazi alibeba mzigo wa karibu kilo 30. Hakuna aliyeweza kubeba chakula, nguo na shanga za safari nzima, hivyo akiba iliwekwa kwenye vituo. Livingstone alitumiwa mali Ujiji ili azikute akirudi kutoka Manyema. Alipofika Oktoba 1871, amedhoofika, akakuta aliyekabidhiwa ameziuza zote. Akiba yake ilikuwepo kwenye barua, na dukani haikuwepo. Mzigo mwingine uliotumwa kwake ulikuwa umekwama Unyanyembe.

Kwa mali, basi, akiba ilimwangusha. Kwa maandishi alifanya jambo la busara. Akiwa Manyema aliishiwa karatasi na wino, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea. Baadaye alinakili habari zile, pamoja na za madaftari yake mengine, kwenye daftari moja kubwa linalojulikana leo kwa jina la Unyanyembe. Stanley alipoondoka Kwihara Machi 14, 1872, alilibeba daftari hilo, limefungwa na kupigwa muhuri, hadi pwani na kisha Uingereza. Nakala moja ilikwenda mbali. Madaftari ya awali yalibaki na mwenyewe.

Mwaka uliofuata Livingstone alifariki katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake pamoja na karatasi zake, wakapita hapa Tabora Oktoba 1873, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Maandishi ya kwenye magazeti yalififia hata yasisomeke. Ni mwaka 2011 tu ambapo watafiti, kwa picha za mwanga wa aina mbalimbali, walifanikiwa kuyasoma. Yaliposomwa ikagundulika kwamba daftari la nakala halikulingana nayo kila mahali. Livingstone alikuwa amebadilisha baadhi ya maelezo aliponakili, hata kuhusu mauaji aliyoyashuhudia Nyangwe.

Mambo matatu ya fundi wa leo yamo ndani ya kisa hicho. Akiba isiyokaguliwa inaweza kuwa imeuzwa zamani. Nakala moja iende mbali na nyumba. Na nakala haithibitiki mpaka ilinganishwe na asili yake.

Diski imejaa: uanzie wapi?

Tumekusanya hapa hatua ambazo mafundi waliotusaidia wanazifuata. Si lazima uwe fundi kuzielewa. Mkuu wa shule, mhasibu wa chama cha ushirika au mganga mfawidhi anaweza kuzitumia kumwuliza fundi wake.

Hatua ya kwanza ni kutofuta chochote. Simamisha programu ya nakala ili isiendelee kuandika, kisha andika pembeni ujumbe wa kosa kama ulivyo. Nakala ya zamani unayoifuta kwa haraka huenda ndiyo pekee iliyobaki nzima.

Hatua ya pili, ulizia ni diski ipi imejaa. Amri ya "df -h" huonyesha kila diski iliyopachikwa, ukubwa wake na nafasi iliyobaki. Kama diski unayoitegemea haimo, umepata jibu kama tulivyolipata sisi.

Hatua ya tatu, tafuta kilichochukua nafasi. Amri ya "du" hupima folda moja moja. Mara nyingi mkosaji ni nakala za zamani zisizo na tarehe ya kuondolewa, au faili la kumbukumbu za mfumo linalokua usiku na mchana kwa sababu programu fulani inalalamika bila kusikilizwa.

Hatua ya nne ni pale hesabu zinapogongana: diski inasema imejaa, folda zinasema hazina kitu kikubwa. Sababu zinaweza kuwa mbili. Faili zinaweza kuwa zimefunikwa chini ya diski iliyopachikwa, kama zetu. Au faili limefutwa huku programu bado imelishika. Hapo jina limeondoka lakini nafasi haijarudi, na haitarudi mpaka programu hiyo izimwe na kuwashwa tena. Amri ya "lsof +L1" huwaonyesha mafundi faili za aina hiyo.

Hatua ya tano, kumbuka kwamba diski inaweza kukataa faili jipya hata ikiwa na nafasi. Mifumo mingi ya faili ina idadi maalumu ya majina inayoweza kuyaorodhesha. Kwenye Linux nafasi hizo za orodha huitwa ainodi, na amri ya "df -i" huzihesabu. Seva yenye mamilioni ya faili vidogo inaweza kumaliza ainodi huku nusu ya diski iko wazi. Ghala lina nafasi, ila daftari la stoo limejaa.

Hatua ya sita, hakikisha diski yenyewe si mgonjwa. Mfumo wa Linux ukikuta makosa kwenye diski unaweza kuifunga isiandikwe, ibaki ya kusomwa tu. Mtumiaji huona nakala zimeshindwa, akadhani imejaa. Amri ya "smartctl" husoma taarifa ambazo diski inajiandikia kuhusu afya yake. Diski inayoonyesha sehemu mbovu zinazoongezeka haitengenezwi. Inakiliwe mara moja na kubadilishwa.

Baada ya tatizo kwisha ndipo kinga inafuata. Fundi wetu alifanya mambo manne. Aliifunga folda ya nakala ili diski isipopachikwa, folda ikatae kuandikwa. Aliweka faili dogo la alama kwenye diski kubwa, na programu ya nakala haianzi kazi mpaka ilione. Aliweka onyo diski inapofika asilimia 80. Na badala ya barua pepe ya kushindwa, sasa kila asubuhi tunapokea ujumbe mfupi wa kufaulu kwenye simu tatu. Ujumbe usipokuja, kimya chenyewe ndiyo taarifa.

Wingu si jibu la kila kitu

Tulipoeleza kisa hiki, wengi walituambia, "Wekeni kwenye wingu, mpumzike." Wingu maana yake ni kuhifadhi kwenye seva za mtu mwingine kupitia intaneti. Ni njia nzuri ya kupata nakala iliyo mbali. Lakini ina hesabu yake.

Kwa kasi ya kupandisha data ya megabiti 5 kwa sekunde, terabaiti 1 inahitaji zaidi ya siku 18, mchana na usiku bila kukatika. Rekodi zetu za siku moja zisizobanwa zingehitaji karibu saa saba. Zikibanwa kuwa MP3, chini ya dakika 40. Kwa hiyo mpango wa wingu unaanzia kwenye uamuzi wa nini kina thamani ya kupelekwa.

Pia wingu linategemea waya. Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Kwa siku kadhaa intaneti ilikuwa ya kusuasua au haipo kabisa. Taasisi ambayo nakala zake zote zilikuwa ng'ambo, siku hizo ilikuwa sawa na taasisi isiyo na nakala.

Ndiyo maana mafundi husisitiza kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh: kuwa na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja iwe nje ya jengo. Kwa Tabora, nje ya jengo si lazima iwe Ulaya. Inaweza kuwa diski ndani ya kasha ofisi ya upande mwingine wa mji, inayobadilishwa kila Ijumaa. Inaweza kuwa seva Dodoma au Dar es Salaam. Hata diski mbili zinazoakisiana ndani ya seva moja, ambazo wauzaji huzisifia sana, hazihesabiwi kama nakala mbili: ukifuta faili kwa makosa, linafutika kwenye zote kwa wakati mmoja, na radi ikipiga, inapiga zote.

Nani anawajibika?

Sauti ya mzee ni hasara ya familia na ya jamii. Lakini tuangalie kilichomo kwenye seva nyingine za mkoa huu.

Tabora ni mkoa wa tumbaku. Mkulima huuza kupitia chama chake cha msingi, AMCOS. Kilo zake, madaraja yaliyopangwa, deni la pembejeo na malipo yake huingizwa kwenye daftari, na siku hizi kwenye kompyuta. Kumbukumbu hizo zikipotea katikati ya msimu, mkulima anabaki na karatasi yake, kama panya hawajaila. Hospitali za umma nazo zinaandikisha wagonjwa, vipimo na dawa kwa mfumo. Shule zina alama za wanafunzi. Mabaraza ya ardhi yana mashauri. Kila moja ya hizo ni taarifa ambayo mwenyewe hawezi kuitengeneza upya.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Mjadala mwingi kuhusu sheria hiyo umehusu kuvuja kwa taarifa, namba za simu kuuzwa na picha kusambazwa. Lakini kumlinda mtu kwenye taarifa zake ni pamoja na kuzilinda zisipotee au kuharibika. Diski iliyojaa bila mtu kujua ni suala la sheria hiyo sawasawa na nywila iliyoibwa. Kwa upande wa serikali, Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao kusimamia mifumo ya taasisi za umma, na mifumo mingi mikubwa sasa inaendeshwa kutoka vituo vya pamoja. Hiyo inasaidia. Haifuti kazi ya vyama vya ushirika, zahanati za mashirika ya dini, shule binafsi na redio kama yetu, ambazo kila moja inajitegemea na kompyuta yake ya kona.

Tatizo tunaloliona ni la bajeti na la heshima. Kununua kompyuta kuna hafla, picha na utepe wa kukata. Kununua diski ya akiba na kumlipa mtu azikague nakala kila mwezi hakuna hafla. Ofisa TEHAMA akiomba fedha za diski ya pili huulizwa, "Ile ya kwanza imeharibika?" Akijibu haijaharibika, ombi linarudi. Ikiharibika, anaulizwa kwa nini hakuwa na akiba. Tukubali pia kwamba kwetu sisi ombi kama hilo liliwahi kukaa mezani miezi minne.

Maswali manne ya kuuliza wiki hii

Bodi, kamati au mkuu wa taasisi hahitaji kujua amri za Linux. Anahitaji kuuliza maswali manne, na kutoridhika na jibu la "ipo".

Nakala ya mwisho ilichukuliwa lini, na unaweza kunionyesha tarehe yake kwenye kioo? Diski ina nafasi ya siku ngapi kwa kasi ya sasa? Jengo hili likiungua usiku huu, nakala iko wapi? Na la nne, ambalo ndilo linalowaangusha wengi: mara ya mwisho tulirudisha faili kutoka kwenye akiba na kulifungua ilikuwa lini?

Viongozi wa misafara hawakuhesabu mizigo Bagamoyo peke yake. Waliihesabu njiani, kambi hadi kambi, kwa sababu mzigo uliopotea ukigundulika siku hiyohiyo unaweza kufuatwa, na ukigundulika Ujiji umeshakwenda.

Sisi sasa, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, tunachagua faili moja kwa kubahatisha, tunalirudisha kutoka kwenye seva ya akiba na kulisikiliza mwanzo hadi mwisho. Jumatatu iliyopita lilikuwa taarifa ya mvua ya miaka minne iliyopita. Lilisikika vizuri.

Kuhusu mahojiano ya mzee, mjukuu wake aliuliza kwenye kundi la simu la ukoo, na ndugu mmoja wa Urambo akawa amerekodi kipindi kutoka redioni. Ni dakika 11 tu kati ya 50, na ndani yake kuna jogoo anawika. Familia iliisikiliza siku ya arobaini. Nasi tuliomba nakala. Sasa ziko tatu: moja studioni, moja kwenye seva, na moja kwenye diski iliyo nje ya jengo hili. Kama wewe msikilizaji ulirekodi sehemu nyingine ya kipindi kile, tunakuomba uilete kituoni. Tutainakili mbele yako, na simu yako utaondoka nayo.